Hatua Hamsini na Nane

Kuku ndio walioanza kukwepa.

Klementina aliwaona kupitia dirishani, kwa kuwa siku zile za mwezi wa nane hakuwa na kazi nyingine ila kulala chali, mto katikati ya mapaja, na kutazama nje. Binti yake Restituta alikuwa amemaliza kufagia uwanja na kumwaga pumba karibu na jiko. Kuku wakatoka bandani mbio kama kawaida yao. Walipofika upande wa makaburi wakagawanyika, hawa kushoto, wale kulia, kama wanaozunguka kisiki, kisha wakaungana tena mbele na kuziwahi pumba. Hapakuwa na kisiki. Palikuwa na mchanga mtupu uliofagiliwa, na jua.

"Resti," aliita, "hapo uwanjani umemwaga nini? Mafuta ya taa?"

"Sijamwaga kitu, mama. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Nyumba yao ilikuwa Katindiuka, mahali ambapo mji wa Ifakara unachoka na kuyaachia mashamba nafasi. Mbele ya nyumba ulikuwapo uwanja, mwisho wa uwanja mtiki mmoja mkubwa, na chini ya mtiki ule makaburi ya ukoo: wakwe zake wawili, mtoto wake mmoja aliyekufa mchanga, na mume wake Agapiti, huu ukiwa mwaka wa sita. Tangu mwezi wa saba lilikuwa limeongezeka kaburi la tano. Lilikuwa fupi, urefu wa mkono. Msalaba wake uliandikwa kwa rangi nyeusi: KLEMENTINA.

Ilikuwa hivi. Siku za mwisho za kupiga mpunga aliteleza juu ya turubai lililojaa makapi, akaangukia nyonga ya kulia, akasikia kitu ndani kikikatika kama muwa. Hospitali wakamwambia kichwa cha mfupa wa paja kimevunjika pasipoungika. Watakitoa na kumwekea cha chuma. Wakamchoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini akafa ganzi, lakini masikio hayakufa. Akiwa amelazwa ubavu nyuma ya pazia la kijani alisikia msumeno, kisha nyundo, kana kwamba yuko kwenye karakana ya seremala na ubao ni yeye. Alisikia pia harufu ya ukucha unaoungua. Harufu ile ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Shemeji yake Beatus, kaka mkubwa wa marehemu, siku hiyo alikuwa kwenye benchi la nje. Beatus hakuwa mtu mbaya, wala hakufanya alichofanya kwa ujinga. Alikuwa mtu wa kuzika. Katika misiba yote ya ukoo yeye ndiye aliyepima kaburi, yeye ndiye aliyechonga msalaba, na yeye ndiye aliyebaki makaburini wengine wakishaondoka kwenda kula. Alipoambiwa kwamba kipande kilichotolewa kitapelekwa kuchomwa, alisimama.

"Kichomwe pamoja na mabandeji? Kipande cha mtu wa kwetu? Nipeni mimi."

Akatia saini, akapewa kopo jeupe lenye kifuniko. Nyumbani akagonga kisanduku cha mbao. Katekista Kelestini alipoitwa alikataa kwa upole. Alisema ana sala za marehemu, na mwenye mfupa huu yuko wodini anakunywa uji. Beatus akazika mwenyewe. Jumamosi, saa nne asubuhi, kando ya Agapiti, watu sita walitupa udongo, wakafanya tuta, wakasimika msalaba wenye jina, kwa sababu kaburi lisilo na jina, kwa Beatus, lilikuwa aibu.

Jumamosi hiyohiyo, kwenye saa nne hiyohiyo, nesi alimsimamisha Klementina kando ya kitanda kwa mara ya kwanza. "Hatua moja tu, mama, halafu upumzike." Akapiga hatua moja, akatokwa na machozi, akarudishwa kitandani.

*

Mtu wa mazoezi aliitwa Fredy. Alikuja na pikipiki kila Jumanne na Ijumaa, kijana wa maneno mengi na mikono yenye subira. Alimletea fremu ya chuma yenye miguu minne, akamfundisha: sukuma fremu, peleka mguu mbovu, leta mzima. Usipandishe mguu juu ya mwenzake. Usikalie kigoda. Usiiname kuokota kitu, hata kikiwa noti.

"Sasa mama, unataka mguu huu ukufikishe wapi? Wengine wananiambia kanisani. Kuna babu mmoja alitaka kufika kilabuni tu, na amefika."

Klementina akacheka, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nyingi. "Nataka kupanda dungu."

Dungu lake lilikuwa bondeni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya majaruba ya mpunga. Kila mwaka, mwezi wa nne, mpunga ulipoanza kujaa maziwa, alikaa humo kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, akipiga debe na kuvuta kamba za makopo ili kwelea, ndege wala mpunga, wasitue. Miaka thelathini na tisa hakukosa. Mlezi wa nyumba ile hakuwa mume wake wala ndugu wa mume wake. Alikuwa ni mpunga ule.

"Dungu lina vipandio vingapi?"

"Saba."

"Basi tuanze na hatua tano za sakafuni. Ila nisikilize vizuri, mama. Mguu huu usipotembezwa miezi hii mitatu utakauka. Utakuwa mguu wa kuegemeza ukutani, na dungu utalitazamia chini."

Ijumaa ile alipiga tano, chumbani. Jumanne akafikisha kumi. Asubuhi ya kuku ilikuwa kesho yake.

Ijumaa iliyofuata alifika kumi na tano, sebuleni. Alasiri yake, kwenye saa nane, joto lilikuwa limemlaza kila mtu, hata mbwa wa jirani. Klementina hakusinzia. Alikuwa akitazama boriti za dari aliposikia majani ya mtiki. Majani yale yakikauka huwa mapana kama sinia na hayakubali kukanyagwa kimyakimya. *Kra.* Kimya. Kisha sauti aliyoijua kuliko sauti ya mwanawe: tok ya chuma, kisigino, mburuzo. Tok, kisigino, mburuzo. Ilitoka nje, kwenye makaburi, ikaja uwanjani polepole, ikipumzika pale alipopumzika yeye asubuhi, baada ya hatua ya saba, alipokuwa amesema "ngoja kwanza, Fredy."

Akanyoosha mkono kando ya kitanda. Fremu yake ilikuwa palepale. Chuma chake kilikuwa cha baridi.

Chumba kikajaa harufu ya ukucha unaoungua.

*

"Mama, jana ulitoka nje?"

"Nitoke kwa mabawa?"

Restituta alikuwa amesimama mlangoni, fagio mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mwenye duka lake dogo kijiji cha Kisawasawa alilolifunga ili aje kumuuguza mama, na hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Sasa aliongea akigeuka kutazama uwanjani.

"Kuna nyayo. Zinaanza kwenye kale kakaburi kako. Mguu wa kulia umelala nje, kama wako sasa. Na kuna vishimo vinne vinne vya fremu."

"Ngapi?"

"Nini ngapi?"

"Hatua, Resti. Ni ngapi?"

Binti akaenda, akarudi. "Kumi na tano. Halafu zinaishia tu. Miguu miwili imesimama pamoja, haikwenda mbele wala haikurudi."

Beatus alipoitwa alikuja akiwa na maneno tayari. "Watoto wa jirani hao, shemeji. Wameona unavyotembea, wanakuigiza. Hawana adabu siku hizi." Lakini alichuchumaa pale, akatazama muda mrefu kuliko unaotosha kutazama unyayo. Kisha akaomba ndala ya kulia ya Klementina. Akaiweka juu ya alama. Ilienea.

"Shemeji," alisema akiwa nje ya dirisha, sauti ameishusha, "kidole chako cha pili kimepanda juu ya kikubwa?"

"Tangu nizaliwe."

Beatus aliichukua ndala, akaipangusa mchanga, akairudisha. Jioni hiyo hakula.

Restituta alifagia zile alama. Zilifutika zote isipokuwa zile mbili za mwisho. Alizifagia mara tatu, na kila alipogeuka zilikuwapo, kama za mtu aliyeinua miguu kupisha fagio na kuishusha tena.

"Usitembee tena, mama," alinong'ona usiku huo, midomo karibu na sikio la mama yake kana kwamba uwanja una masikio. "Nakuomba. Ukijifunza wewe, nacho kinajifunza. Nitakuogesha, nitakulisha, nitakufanyia kila kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu apende."

Akakaa wiki nzima bila kusimama. Nje, zile alama mbili hazikusogea. Ndani, paja lake likaanza kunywea, na asubuhi alipotaka kujigeuza nyonga ilikataa kama mlango uliovimba kwa mvua. Fredy alipokuja Restituta alimwambia mama ana homa. Mara ya pili Fredy hakukubali. Aliketi kitandani, akaushika mguu, akaukunja taratibu, na uso wake ukapoteza utani wote.

"Mama, mmenidanganya. Homa gani? Mguu huu umelazwa makusudi." Akasubiri. "Sitakusema. Watu huogopa maumivu, ni haki yao. Ila mguu hausubiri."

Alipoondoka, Klementina alitazama dirishani. Kuku walikuwa wakizunguka mahali palepale. Alifikiri: nikilala mimi, kile kimesimama tu. Hakichoki. Kina muda ambao mimi sina. Nitakuwa mfu ndani na chenyewe kitakuwa hai nje, na hiyo nayo ni njia ya kunizika.

"Resti," alisema, "lete fremu."

*

Ishirini. Ishirini na nane, na nje alama zikisogea kwa hesabu hiyohiyo. Siku moja ya mwezi wa tisa Fredy alimfundisha kurudi nyuma, kinyumenyume, hatua nne mpaka ukingo wa kiti uguse miguu kwa nyuma, ndipo ukae. "Nne zinatosha. Usizidishe. Nyuma huna macho, na ukianguka chuma kitachomoka mahali pake, tutarudi kwenye msumeno." Kesho yake Restituta alikuta alama zimesogea kinyume, visigino vikitangulia, hatua nne kuelekea makaburini. Hawakuelewa. Walifurahi siku moja. Siku ya pili zikasonga mbele tena.

Arobaini. Arobaini na tisa. Sasa Klementina alitembea kutoka chumbani hadi mlango wa uani na kurudi, na furaha ya mguu kukubali ilikuja kila mara pamoja na hofu, kama mapacha wanaoshikana mikono. Restituta alihamishia mapishi uani. Hakuna aliyepita mlango wa mbele. Mchana kweupe, watu wakipita barabarani na baiskeli zao, wakisalimia, "Hodi hapo, mama Resti, unaendeleaje?", kile kitu kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja, juani, kisichoonekana na kisicho na kivuli, kikitazama nyumba.

Alipofika hamsini na nane, alama zilikuwa mbele ya baraza. Restituta alizipima kwa macho. Zimebaki hatua nne, labda tano, kufika mlangoni.

Hapo ndipo Klementina alipomwita Bi Rabia.

Bi Rabia alikuwa mwanamke mzee wa Malinyi, aliyeolewa Katindiuka na Mwislamu mwenzake kabla reli haijajengwa, na kwa miaka hamsini alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa ule walitokea mikononi mwake, Restituta akiwamo. Alipita uani, akaitikia shikamoo, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda dirishani na kunusa.

"Nani alizika?"

"Shemeji Beatus. Alifanya kwa heshima, Bi Rabia."

"Najua. Heshima ndiyo iliyomponza." Akarudi kuketi. "Mlichimba nyumba. Mkaiwekea mlango, mkaandika jina juu yake, halafu mwenyewe hakuja kukaa. Mlidhani itabaki tupu? Wapo wasiokuwa na nyumba, mama Resti. Hawajafa kwa sababu hawajawahi kuishi. Mmoja ameingia. Ndani amekuta jina na mfupa mmoja wa kutembelea. Sasa anajifunza kuwa mwenye jina."

"Kikifika mlangoni?" Restituta aliuliza.

"Ataingia kama anayerudi kwake. Na mama yako ndiye atakayeonekana mgeni."

Nje, fremu isiyokuwapo iligonga mara moja, tok, kama mtu anayebadilisha mkono.

"Mimi nimezika vitovu vya watoto wengi," Bi Rabia aliendelea, sauti chini kabisa. "Hivyo ndivyo ulivyopaswa kuzikwa mfupa ule. Kitu cha mtu aliye hai hakifanyiwi tuta, hakiwekewi msalaba. Kinakwenda chini ya mgomba, panakanyagwa, panasahaulika. Tutautoa. Lakini tukiutoa sasa, huyu atabaki nje bila pa kurudi, na hatua nne haziko mbali. Lazima kwanza arudi ndani. Na mimi sijui anamtii nani."

Klementina ndiye aliyejibu. "Ananitii mimi. Nilirudi nyuma nne, akarudi nne."

Restituta aliruka. "Mama! Fredy amesema usizidishe! Hatua hamsini na nane kinyumenyume, mchangani?"

"Nitakazokwenda ndizo atakazokwenda. Wewe utanikabili uso kwa uso, uniongoze."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa chini na yeye atakuwa chini. Angalau tutakuwa sawa."

Bi Rabia alimtazama kama alivyowatazama wanawake wa mimba ya kwanza waliokuwa na moyo.

*

Walifanya saa nne asubuhi, saa ya maziko. Beatus alisimama chini ya mtiki na jembe, macho ameyakaza kwenye mpini. Alikuwa ameomba msamaha mara mbili na mara zote mbili Klementina alimwambia anyamaze.

Akatoka kwenye baraza akiwa ameupa uwanja mgongo. Restituta akasimama mbele yake, uso kwa uso, kama watu wanaotaka kucheza.

"Unaona nini nyuma yangu, Resti?"

"Sioni kitu. Rudi, mama. Moja."

Akavuta fremu, akarudisha mguu mzima, akarudisha mguu wa chuma, na nyuma yake, karibu kiasi cha kuhisi kwenye shingo, kitu nacho kikavuta, kikarudisha, kikarudisha. Mbili. Tatu. Mchanga ulikuwa laini na miguu ya fremu ilizama. Kufika ishirini jasho lilikuwa limeingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta, na harufu ya ukucha unaoungua ilimzunguka kama moshi wa kuni mbichi, na alipotazama uso wa binti yake aliona kwamba macho ya Restituta hayakuwa yakimtazama tena yeye bali kitu kilicho juu ya bega lake la kulia, na kwamba midomo ya binti yake iliendelea kuhesabu, thelathini na moja, thelathini na mbili, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayehesabu mafungu ya mchicha, huku machozi yakimtiririka bila yeye kujua.

"Usigeuke, mama. Thelathini na tatu. Usigeuke. Anafanya unavyofanya. Thelathini na nne."

"Anafananaje?"

"Thelathini na tano, mama."

Arobaini na moja mguu wa chuma uliteleza. Nyonga ikalia, maumivu yakapanda mpaka menoni, na kwa muda mfupi Klementina aliinama juu ya fremu, akijua kwamba nyuma yake kuna mwingine aliyeinama vilevile, anayehema kwa pumzi alizomwazima, anayengoja aone kama mtu huanguka au huinuka, kwa sababu hata hilo angelijifunza. Na akafikiri juu ya dungu, juu ya asubuhi ukungu unapotoka majarubani na debe liko mapajani, akawaza kwamba kiumbe hiki hakijui kabisa kwa nini mtu hutembea, kinajua tu namna, na wazo lile, ambalo hakulitarajia, lilimtia huruma kidogo, na huruma ile ikamnyoosha mgongo. Akavuta fremu. Arobaini na mbili.

Hamsini na tano, majani ya mtiki yakaanza kulia nyuma yake. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Hamsini na nane.

Akasimama. Hakuongeza hata nusu. Majani yakalia mara moja, kisha yakatulia. Harufu ikakatika kama taa iliyozimwa.

"Ameondoka," Restituta alisema, akaketi palepale mchangani.

Beatus akachimba. Kisanduku kilikuwa kizima. Bi Rabia alimpa Klementina kile kipande mikononi mwake mwenyewe: kitu cheupe, cha mviringo, kizuri kama yai, chepesi kuliko alivyodhani. Beatus aliung'oa msalaba na kuupasua kuni. Wakasawazisha tuta. Mfupa ukaenda chini ya mgomba wa uani, bila sala na bila jina, na Bi Rabia akapakanyaga kwa ndala zake huku akiulizia bei ya sukari, kama alivyofanya kwa vitovu vyote.

Aliyoyaona Restituta hakuyasema, siku ile wala baadaye. Ila tangu hapo hampiti mama yake kwa nyuma bila kumwita jina kwanza na kungoja aitikie.

*

Mwezi wa kumi na moja Klementina aliiacha fremu na kushika mkongojo. Kuku walipita uwanjani moja kwa moja. Mvua za kwanza zilipoyaozesha majani ya mtiki, Restituta alikuja ndani na kumwambia mama yake kwamba chini ya mti kuna alama ya unyayo. Moja tu, ya kulia, kidole cha pili juu ya kikubwa, imeelekea nyumbani. Hatua moja kutoka pale kaburi lilipokuwa.

Klementina alikaa akifikiri. Kisha akamkumbuka nesi. *Hatua moja tu, mama.*

"Ile ya hospitali," alisema. "Ilikuwa chini ya majani. Hatukuihesabu."

"Twende tukairudishe!"

Walijaribu. Alirudi nyuma hatua moja, hatua kumi, pembeni mwa mti, mchana na asubuhi. Alama haikusogea. Bi Rabia alitikisa kichwa. "Mfupa hanao tena. Hana cha kujifunzia. Moja haitawaua. Kaeni nayo."

Wakakaa nayo. Restituta aliizoea kama watu wanavyozoea ufa ukutani.

Mwezi wa nne mpunga ukainamisha vichwa. Fredy alikuwa amemfundisha Klementina vizingiti na vijiti vya ngazi ya kuazima, viwili tu, na kumsihi asubiri. Hakusubiri. Alfajiri moja alipanda bodaboda mpaka bondeni, akatembea juu ya tuta la jaruba kwa mkongojo, akafika chini ya dungu lake. Akatanguliza mguu mzima, akafuatisha wa chuma. Moja. Mbili. Kwenye cha tano alipumzika. Kwenye cha saba akashika nguzo, akajivuta ndani, akaketi juu ya gogo lake la zamani, akalia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia. Ukungu ulikuwa ukitoka majarubani. Ilikuwa kama alivyoiacha.

Simu ikalia kifuani.

"Mama, uko wapi?" Restituta alinong'ona.

"Kwenye dungu! Nimepanda, Resti! Mpigie Fredy, mwambie—"

"Vipandio vingapi?"

"Si unavijua. Saba."

Mbali, ndani ya simu, kuku walikuwa wakipiga kelele.

"Mama, ile alama haipo chini. Zipo kwenye mti. Matope. Mguu wa kulia, halafu wa kushoto, moja juu ya nyingine. Nimezihesabu. Kuna tawi linainama, mama, na hakuna upepo."

Klementina alitazama mashariki. Juu ya bonde, chini kabisa mwa mbingu, wingu dogo la kahawia lilikuwa likijikunja na kujikunjua. Kwelea. Wangefika baada ya muda mfupi tu. Hakuona wasiwasi ukimpanda. Alihisi ule uchovu wa mtu anayekutana tena na jirani asiyempenda na ambaye hatahama.

"Usiingie ndani," alisema. "Usikimbie. Simama hapo unitazamie."

Akaweka simu kwenye sauti ya nje, akaitundika shingoni kwa kamba ya kanga. Mtu akishuka ngazi hushuka kinyumenyume. Hakuna namna nyingine. Akatanguliza mguu wa chuma. Harufu ya ukucha unaoungua ilimjia kutoka chini, kati ya vipandio. Saba. Sita. Tano. Alishuka mpaka matope yakamgusa kisigino.

"Ziko ngapi?"

Restituta alihesabu kwa muda.

"Moja, mama. Ileile."

Klementina alisimama akihema, mkono kwenye ngazi. Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa: kutembea kilinyang'anywa pamoja na mfupa, lakini kupanda dungu hakikunyang'anywa; atakapopanda, kitapanda, atakaposhuka, kitashuka, na baina yao hatua moja aliyoipiga siku asiyojua kitu, ambayo hairudishwi. Mlio wa kwelea ulikuwa umeanza kusikika, kama mvua inayokuja juu ya mabati.

"Resti, toa kiti chako nje."

"Cha nini?"

"Ukae unihesabie. Napanda tena."

"Mama, nakuomba."

"Mpunga unaliwa, mwanangu."

Akatanguliza mguu mzima, kama alivyofundishwa, na ndani ya simu iliyoning'inia kifuani pake, mbali kule Katindiuka, gome la mtiki likakwaruza.